Hesabu Mbili za Moto: Jinsi Marekani Inavyofuatilia Nyika Zinazoungua na Nguvu ya Kuzizima

Nchi inayokabiliwa na moto wa nyika, yaani moto unaoteketeza misitu, vichaka na nyasi bila mtu wa kuudhibiti, na ambao maofisa misitu wa Tanzania huuita moto kichaa, hulazimika kuweka hesabu mbili kwa wakati mmoja. Hesabu ya kwanza ni ya moto wenyewe: umeanzia wapi, umeenea kiasi gani, na upepo wa kesho utausukuma upande upi. Hesabu ya pili ni ya nguvu ya kuukabili: vikosi vingapi viko kazini, vingapi vimepumzika, magari na ndege ziko katika kituo gani, na ni nani anayeweza kufika kabla jua halijatua. Hesabu ya kwanza ndiyo inayojaza kurasa za magazeti kwa kuwa ina ramani na picha za kutisha, lakini uhai wa wakazi na wa wazimamoto hutegemea hesabu hizo mbili kusomwa pamoja, na pale zilipotengana historia imeonyesha kwamba watu hufa.

Marekani ni mfano unaofaa kuchunguzwa kwa makini, si kwa sababu imefanikiwa kuushinda moto, maana haijafanikiwa, bali kwa sababu imeweka hesabu hizo kwa muda mrefu na kuzitangaza hadharani kila siku ya msimu wa moto. Kwa kawaida nchi hiyo huandikisha takribani mioto 60,000 ya nyika kwa mwaka, na zaidi ya minne kati ya kila mitano huanzishwa na shughuli za binadamu, kuanzia moto wa kambini ulioachwa bila kuzimwa hadi nyaya za umeme zilizoanguka. Mingi huzimwa ikiwa bado midogo, na ile michache inayoponyoka ndiyo inayokula sehemu kubwa ya ardhi, fedha na nguvu za taifa.

Kutoka minara hadi Boise

Idara ya Misitu ya Marekani ilikuwa na umri wa miaka mitano tu ilipopata pigo lake la kwanza kubwa. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, upepo mkali uliivamia mioto mingi iliyokuwa ikifukuta katika milima ya Idaho na Montana, na kwa siku hizo mbili hekta zipatazo milioni 1.2 ziliungua na watu wasiopungua 85 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa vibarua walioajiriwa kuuzima moto. Msiba huo uliizaa sera ya kutouvumilia moto wowote, na mwaka 1935 sera hiyo ikapewa saa yake: kila moto ulioonekana ulitakiwa kuwa umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku iliyofuata.

Amri ya namna hiyo haiwezi kutekelezwa bila macho, na kwa hiyo maelfu ya minara ya ulinzi ilijengwa vileleni. Ndani ya kila mnara kulikuwa na kifaa cha duara chenye ramani katikati na tundu la kulengea pembeni, ambacho mlinzi alikizungusha hadi moshi uonekane sawasawa kwenye mstari wake, kisha akasoma nyuzi na kupiga simu. Mlinzi mmoja aliweza kutaja mwelekeo tu. Palipopatikana mlinzi wa pili katika mnara mwingine, mistari yao miwili ilikutana juu ya ramani ya makao makuu, na mahali ilipokutana ndipo kikosi kilipopelekwa.

Katika miaka ya 1970 amri ya saa nne iliachwa, kwa sababu wataalamu wa ikolojia, yaani elimu ya uhusiano wa viumbe na mazingira yao, walikuwa wamethibitisha kwamba misitu mingi ya magharibi huhitaji moto mwepesi wa mara kwa mara, na kwamba kuuzuia kwa miongo kadhaa kulilimbikiza majani, matawi na miti michanga ambayo siku ikishika hugeuka tanuri. Tangu hapo kazi ya kufuatilia moto ikawa ngumu zaidi, kwa kuwa haitoshi tena kujua kwamba moto upo. Ni lazima pia ijulikane kama ni moto wa kuzimwa mara moja au wa kuachwa uendelee chini ya uangalizi.

Wakati huohuo wakuu wa mashirika ya serikali walitambua kwamba kila shirika lilikuwa likinunua vifaa vyake na kuweka daftari lake huku likipakana na jirani mwenye shida ileile. Mwaka 1965 Idara ya Misitu, Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi na Huduma ya Hali ya Hewa zilianzisha kituo cha pamoja katika mji wa Boise, jimboni Idaho. Mashirika mengine yakajiunga kadiri miaka ilivyopita, yakiwemo yanayosimamia hifadhi za taifa, wanyamapori na ardhi za makabila ya wenyeji, na mwaka 1993 kituo kikapewa hadhi ya kuitwa cha taifa, kikijulikana kwa kifupi kama NIFC.

Funzo jingine lilitoka California mwaka 1970, pale mioto iliyofuatana kwa siku 13 ilipoua watu 16 na kuteketeza majengo zaidi ya 700. Uchunguzi ulionyesha kwamba watu na magari yalikuwepo, ila redio za vikosi hazikuweza kuwasiliana, vyeo na majina ya vifaa yalitofautiana, na makamanda kadhaa walitoa amri zisizolingana mahali pamoja. Kutokana na hali hiyo ukabuniwa mfumo mmoja wa uongozi wa matukio, unaotaka kila tukio liwe na mlolongo mmoja wa amri, na kila kikosi, gari na ndege ipangwe katika madaraja yanayofahamika nchi nzima, ili ofisa wa Oregon akiomba gari la daraja fulani kutoka Florida, ajue kabla halijafika linabeba maji kiasi gani na watu wangapi.

Macho ya angani na ya ardhini

Leo kazi ya minara hufanywa kwa sehemu kubwa na setilaiti. Setilaiti za Terra na Aqua, zilizorushwa mwaka 1999 na 2002, zimebeba kifaa kiitwacho MODIS kinachopima joto la ardhi katika vipande vyenye upana wa kilomita moja, na kifaa kilichokifuata, VIIRS, ambacho kilianza kuruka mwaka 2011, hupima vipande vya mita 375. Setilaiti hizo huzunguka dunia na kupita juu ya mahali pamoja mara chache tu kwa siku. Nyingine, zile za jamii ya GOES, hukaa juu ya eneo moja kwenye kimo cha karibu kilomita 36,000 na kuipiga picha nchi nzima kila baada ya dakika tano, ingawa kwa umbali huo haziwezi kuona kwa undani ule ule.

Msomaji wa ramani za setilaiti anapaswa kuelewa kile anachokitazama. Nukta nyekundu haina maana kwamba kipande chote cha ardhi kinawaka, bali kwamba ndani yake kuna joto lisilo la kawaida, ambalo linaweza kuwa ukingo mwembamba wa moto wa nyasi au rundo la mabua yanayochomwa shambani. Mawingu huficha moto, na moto mfupi uliowaka na kuzimika kati ya setilaiti moja na nyingine hauachi alama yoyote. Kwa sababu hiyo nukta ni taarifa ya kuanzia kazi, na mwenye kuamua hulazimika kuithibitisha kwa njia nyingine.

Kwa moto mkubwa, uthibitisho huo hufanywa usiku. Ndege zenye vifaa vya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, hupita juu ya moto wakati ardhi imepoa na tofauti kati ya palipoungua na panapowaka imekuwa bayana, na kwa kuwa mionzi hiyo hupenya moshi, hupatikana picha ambayo mchana isingepatikana. Wataalamu huipokea picha hiyo na kuchora mpaka wa moto, sehemu za joto kali na vijimoto vilivyorushwa na upepo mbele ya mstari, na ramani inakuwa tayari kabla ya mkutano wa alfajiri ambapo viongozi wa vikosi hupangiwa kazi za siku hiyo.

Upande wa ardhini, zaidi ya vituo 2,000 vya hali ya hewa vinavyojiendesha vyenyewe, vingi vikiwa mbali na makazi ya watu, hutuma kila saa vipimo vya upepo, joto, mvua na unyevu. Vipimo hivyo hutumika kukadiria ukavu wa kuni za porini, ambazo wataalamu huzigawa kwa muda zinaouhitaji ili kufuata mabadiliko ya hewa: nyasi na vijiti vyembamba kuliko milimita sita hukauka kwa saa moja tu, ilhali gogo lenye unene wa sentimita 8 hadi 20 huhesabiwa kuwa la saa 1,000, yaani zaidi ya siku 40. Nyasi zinaweza kukauka mchana mmoja na kulowa usiku huohuo, lakini magogo yakikauka, ukame umezama ndani ya msitu na moto wowote utakaoanza utadumu.

Asilimia inayopotosha wengi

Taarifa zote hizo hukusanywa katika ripoti ya hali ya moto inayotolewa na Boise, ambayo wakati wa msimu mkali hutoka kila siku. Moto huingizwa katika orodha ya mioto mikubwa ukishafikia takribani hekta 40 katika msitu wa miti au hekta 120 katika nyasi na vichaka, na kila mmoja hupewa mstari wake unaoonyesha ukubwa, idadi ya watu, vikosi, magari na helikopta, majengo yaliyoteketea na gharama iliyokwisha tumika.

Safu inayotajwa zaidi na vyombo vya habari, na kueleweka vibaya zaidi, ni ile ya asilimia ya udhibiti. Moto uliodhibitiwa kwa asilimia 40 si moto uliozimwa kwa asilimia 40. Maana yake ni kwamba asilimia 40 ya mzingo wake, yaani urefu wa ukingo wote, imezungushiwa kinga ambayo makamanda wanaamini kwamba moto hautaivuka. Kinga hiyo inaweza kuwa ukanda uliofyekwa kwa majembe na mashoka hadi udongo mtupu, njia iliyochongwa na tingatinga, barabara, mto au mwamba. Ndani ya kinga moto unaweza kuendelea kuwaka kwa wiki kadhaa, na asilimia 60 iliyobaki inaweza kuwa ndiyo inayoelekea mjini.

Daftari la watu, magari na ndege

Hesabu ya pili huanzia kwenye kipimo chake cha msingi, kikosi cha mkono, ambacho huwa na watu wapatao 20 wenye kazi ya kufyeka kinga kwa zana za mkono. Vilivyo mahiri zaidi huitwa Hotshots, na hupelekwa katika miinuko ambayo gari haliwezi kufika. Wapo pia wanaoshuka kwa miavuli, mbinu iliyotumika kuzima moto kwa mara ya kwanza mwaka 1940, ili kuuwahi moto wa radi ungali mdogo. Angani zipo helikopta na ndege, ambazo kubwa kati yao, DC-10, hubeba takribani lita 35,000 za dawa nyekundu iliyochanganywa na chumvi za fosfeti. Dawa hiyo hupunguza kasi ya moto ili walioko chini wawahi kukamilisha kinga, na kwa hiyo ndege bila kikosi ardhini ina faida ndogo.

Kila kikosi na kila chombo kina mahali pake katika daftari la kielektroniki, na husogezwa kwa utaratibu wa ngazi tatu. Kituo cha eneo husika hutuma kwanza kilicho karibu zaidi, bila kujali ni mali ya shirika gani. Kikiishiwa, ombi hupanda hadi kwenye kituo cha kanda, ambazo nchi nzima zipo 10. Na kanda nayo ikiishiwa, ombi hufika Boise, ambako mratibu hutafuta mahali popote pengine nchini penye nafasi. Kila ombi lina namba na herufi inayotambulisha aina yake, na hufuatiliwa tangu kuandikwa hadi kikosi kirejee nyumbani, pamoja na kuhakikisha kwamba watu hawazidishi siku 14 kazini bila kupumzishwa.

Uwiano kati ya moto na nguvu iliyopo hufupishwa katika ngazi tano za utayari wa taifa. Katika ngazi ya 1 kila kanda hujitosheleza, na katika ngazi ya 5 mioto mikubwa inawaka katika kanda kadhaa na takribani asilimia 80 ya nguvu ya taifa imekwisha pangiwa kazi. Mwaka 2021 ngazi hiyo ya juu ilifikiwa tarehe 14 Julai, mapema isivyo kawaida, na ikadumu kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka uliotangulia, baada ya maelfu ya radi kupiga California katikati ya Agosti, mamia ya mioto yalianza kwa siku chache, na baadhi yake ikaungana na kuwa moto mmoja, August Complex, uliokula zaidi ya hekta 400,000. Kufikia mwisho wa mwaka hekta zaidi ya milioni 4 zilikuwa zimeungua nchi nzima.

Katika hali kama hiyo daftari hugeuka kuwa chombo cha kuamua nani asubiri. Baraza la wawakilishi wa mashirika yote hupanga mioto kwa uzito, uhai wa watu ukitangulia, kisha makazi na miundombinu, kisha mali za asili, na ombi lililokosa kutimizwa huandikwa hivyo waziwazi. Namba hiyo ya maombi yaliyokosa jibu hustahili kusomwa kuliko namba ya hekta zilizoungua, kwa kuwa hekta hueleza ukubwa wa msiba, ilhali maombi yasiyojibiwa hueleza upungufu wa maandalizi.

Gharama ya kutojua

Mambo mawili yanaonyesha thamani ya daftari hilo kwa uchungu kuliko hoja yoyote. Tarehe 2 Julai 1994 radi iliwasha moto katika mlima Storm King, karibu na Glenwood Springs, jimboni Colorado. Ulikuwa mdogo, na mioto mingi mingine ilikuwa ikigombea vikosi vilevile, kwa hiyo ulisubiri. Tarehe 6 Julai wataalamu wa hali ya hewa walitoa onyo kwamba upepo mkali na mkavu ulikuwa ukikaribia, lakini onyo hilo halikuwafikia waliokuwa wakifyeka kinga mlimani. Upepo ulipobadilika, moto uliruka bonde na kupanda mteremko kwa kasi iliyowashinda mbio, na wazimamoto 14 wakafa. Taarifa ilikuwepo, ila haikusafiri hatua ya mwisho.

Tarehe 30 Juni 2013, huko Yarnell, jimboni Arizona, kikosi cha Granite Mountain Hotshots kiliondoka sehemu salama iliyokwisha ungua na kushuka bondeni, ambako moto uliogeuzwa na dhoruba ulikizingira. Wazimamoto 19 walikufa, na wa ishirini alipona kwa sababu alikuwa amewekwa kando kama mlinzi. Uchunguzi ulibaini kwamba katika dakika za mwisho viongozi hawakujua kikosi kiko mahali gani hasa, na ndege kubwa yenye dawa ilikuwa angani bila kujua pa kuimwaga. Ilibidi ifike tarehe 12 Machi 2019 ndipo sheria iliposainiwa kuziagiza wizara husika zitengeneze mfumo wa kufuatilia mahali walipo wazimamoto katika matukio makubwa. Taifa lililoweza kuuona moto kutoka angani lilichelewa kwa miaka mingi kuweza kuwaona watu wake waliokuwa mbele ya moto huo.

Hata daftari kamili halitoshi nchi inapozidiwa, na hapo ndipo mikataba ya kimataifa inapotumika. Marekani na Australia husaidiana kwa kuwa misimu yao ya moto hupishana, na msaada huo umelipiwa kwa damu: tarehe 23 Januari 2020 Wamarekani watatu walikufa ndege yao ya kuzima moto ilipoanguka New South Wales. Kanada, ambayo kituo chake cha uratibu kilianzishwa Winnipeg mwaka 1982, ilikaa kwenye ngazi ya 5 kwa zaidi ya siku 100 mwaka 2023, na miongoni mwa waliokwenda kuisaidia walikuwa mamia ya wazimamoto kutoka Afrika Kusini. Waafrika hao waliweza kuingia kazini mara walipowasili kwa kuwa mafunzo na madaraja yao yalilingana na ya wenyeji wao.

Daftari linalokosekana nyumbani

Bara la Afrika hubeba takribani theluthi mbili ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka, na sehemu kubwa ni ya savana na miombo, ambako moto ni sehemu ya maisha ya ardhi. Tangu Juni hadi Oktoba ramani za setilaiti za Tanzania huenea nukta zinazotokana na wanaoandaa mashamba, wafugaji, wawindaji na warina asali, na nyingi haziashirii maafa. Ramani hizo hutolewa bure na shirika la anga la Marekani, kwa kawaida ndani ya saa tatu tangu setilaiti ipite, na mtu yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kuzifungua. Kwa upande wa hesabu ya kwanza, basi, Afrika Mashariki ina baadhi ya macho yaleyale waliyo nayo Boise.

Hesabu ya pili haiwezi kutoka angani. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulipoanza katika eneo la Whona, mapumziko ya wapandaji wa Kilimanjaro kati ya Mandara na Horombo, mamia ya watu walipanda kuukabili: watumishi wa hifadhi, askari wa zimamoto, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka na wananchi wa vijiji vya chini, wengi wakiwa na mapanga na matawi mabichi ya kupigia moto. Ujasiri haukukosekana, na hata hivyo takribani kilomita za mraba 95 za uoto ziliungua. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima huohuo uliungua tena.

Kuanzisha daftari hakuhitaji ndege za DC-10. Tanzania ina Shirika la Hifadhi za Taifa, Wakala wa Huduma za Misitu, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kamati za maliasili za vijiji. Kenya ina Huduma ya Misitu, Huduma ya Wanyamapori na vyama vya jamii vya misitu vilivyotambuliwa na sheria ya mwaka 2005. Kinachohitajika ni orodha moja katika kila wilaya yenye msitu, inayohuishwa kabla ya kiangazi, yenye majina ya waliofunzwa, idadi ya zana, maboza ya maji na redio, pamoja na makubaliano yaliyoandikwa kuhusu nani ataamuru pindi mashirika matatu yatakapokutana kwenye moto mmoja.

Orodha hiyo iwe pia na safu ya mambo yaliyoombwa yakakosekana, na safu hiyo itangazwe kila mwisho wa msimu kama zinavyotangazwa hekta zilizoungua. Wabunge wanaojadili bajeti wakiletewa ukubwa wa moto peke yake, watauombolezea na kuendelea na ajenda. Wakiletewa maombi ya kikosi, gari na redio ambayo hayakujibiwa, pamoja na tarehe na mahali, watakuwa na jambo mahususi la kuamua, na wananchi watakuwa na kipimo cha kuwauliza mwaka unaofuata.